Sinema ya Mzee Malale

Wiki nzima sebule ya Shadrack pale Nsemulwa haikukalika. Nyaya zilitambaa hadi jikoni, na mgeni akibisha hodi anaambiwa asubiri nje kwanza, fundi anapima ukuta. Vifaa vyenyewe vilikuwa mabaki ya ofisi yake ya kutengeneza kompyuta karibu na stendi: kompyuta ya mezani isiyo na mfuniko, projekta iliyotelekezwa na mwenye nayo taa ilipoanza kufifia, sabufa mbili ambazo hazikuzaliwa pamoja, na spika ndogo nne. Alikuwa amechora mpango kwenye daftari. Projekta juu ya kabati, shuka jeupe ukutani, blanketi dirishani kuziba jua la mchana, na sabufa moja kila upande wa kochi la mzee.

Mzee ni baba yake, Malale, wa kule kijijini Kasansa. Miezi mitatu iliyopita alikuwa amelazwa hospitali na kidonda cha mguu, mkewe Kashinje akaanguka ghafla nyumbani na kufa siku hiyohiyo. Madaktari walimkataza kabisa mzee kutoka kitandani. Wakazika bila yeye.

Tangu hapo alikuwa na swali moja tu, akikuuliza leo na kesho atakuuliza tena: "Wakati wa udongo, mlinitaja?" Kwao, jeneza likishashuka, msemaji wa msiba huita mume wa marehemu. Mume humwaga udongo, ndipo mke ameagwa. Asipokuwepo, ndugu yake humwaga badala yake, lakini jina la mume lazima litajwe kwa sauti, watu wasikie. Wote walimwambia ametajwa. Mzee aliitikia tu kwa kichwa. Hakuamini, na nani angemlaumu? Mgonjwa hudanganywa sana, jamani.

Ushahidi ulikuwa kwenye simu ya Shadrack, maana yeye ndiye aliyerekodi mazishi. Ila mzee ana mtoto wa jicho, na masikio yake ni mazito. Ukimpa simu anaigeuza geuza halafu anakurudishia. Ndiyo maana Shadrack akaamua: nitamjengea baba sinema, aone na asikie mwenyewe.

Akafanya kazi kweli. Aliichukua ile sauti akaisafisha kwa programu ya kompyuta, akapunguza upepo, akapandisha maneno ya watu. Jumamosi akawasha kujaribu. Wimbo ukatoka safi. Padri akasikika. Jeneza likashuka, msemaji akaita, "Mume wa marehemu, mzee Malale, yuko hospitali. Kwa niaba yake, mdogo wake Ndaki." Na juu ya maneno hayohayo, kutoka karibu kabisa na simu, ukatoka mnong'ono ambao kabla ya kusafishwa hakuna aliyewahi kuusikia: "Bora angetangulia mzee. Mama amekufa kwa kumuuguza yeye."

Loo! Sauti ilikuwa yake mwenyewe.

Shadrack akakaa chini palepale kwenye nyaya. Alikumbuka. Alimnong'oneza dada yake Suzana, aliyesimama begani kwake. Na tusimpambe: siku ile alimaanisha. Mzee alikuwa amegoma kwenda hospitali mwaka mzima, na mama ndiye aliyekiosha kidonda kile asubuhi na jioni, akitoka hapo ni shamba, akitoka shamba ni ng'ombe. Kama bado anamaanisha, hata yeye hakujua, na kutokujua huko kulimtia hofu zaidi.

Mchana kutwa alihangaika kuutoa. Haukutoka. Akikata mnong'ono, jina la mzee linakwenda nao. Akirudisha sauti ya mwanzo, upepo unameza vyote viwili. Akampigia Suzana simu Kasansa, akamweleza kilichosikika.

"Mwambie mzee projekta imeungua."

"Kaka, basi la kuja huko ni la kesho, lakini mzee ameshavaa tangu asubuhi," Suzana akamjibu. "Mwambie wewe."

Hakuweza. Jumapili wakafika, mzee akakalishwa kwenye kochi, blanketi likashushwa. Shadrack akajikaza kisabuni, mkono kwenye kitufe cha sauti. Kaburi la mama likajaa ukuta mzima. Mzee Malale akasogea mbele, akawa anafuatisha wimbo kwa midomo, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Jeneza likashuka. Msemaji akafungua kinywa, na Shadrack akazima sauti.

Pale ukutani Ndaki aliinama, akachota udongo, akamwaga. Kimya.

"Sauti iko wapi?"

"Waya, baba. Hivi vifaa vya zamani."

"Wimbo nimesikia. Kilio nimesikia. Kufika jina langu, waya." Mzee akaanza kupapasa fimbo yake. "Basi hamkunitaja. Nyie mmemzika mke wangu kama hana mtu."

Shadrack alitamani ardhi ipasuke. Suzana, aliyesimama mlangoni, akamtazama. "Kaka, weka sauti."

"Unajua kilichomo."

"Najua, nilikuwepo. Weka!"

Akarudisha nyuma. Akaachia sauti yote, sabufa zikanguruma pande zote mbili za kochi. Jina likatajwa. Mnong'ono ukasikika nao, mkubwa, umejaa chumba. Kisha udongo ukapiga jeneza, na kochi likatetemeka.

Mzee alifumba macho. "Rudisha."

Akarudisha. Mzee akasikiliza tena, sikio amelitegea sabufa.

"Rudisha."

Mara ya tatu Shadrack akashindwa, akapiga magoti analia. "Baba, nisamehe. Nisamehe, baba."

"Subiri, bado nasikiliza." Alisubiri mpaka udongo umwagike. Halafu akashusha pumzi ndefu. "Wamenitaja vizuri. Kwa sauti kabisa. Kashinje amesikia."

Hakumtazama mwanawe.

"Na wewe nimekusikia. Hukusema uongo, mama yako ameniuguza mpaka akaisha. Lakini udongo wa mama yako hukuugusa, mikono ilikuwa kwenye simu, mdomo ukapata nafasi. Siku yangu usishike simu. Ushike udongo."

"Ndiyo, baba."

"Mayu," mzee akamwita Suzana, kama Wasukuma wanavyowaita binti zao, "njoo uniinue."

Suzana akatoka mlangoni, akaruka nyaya, akamfikia. Shadrack alikuwa bado amepiga magoti miguuni pa mzee, mkono wa kumwinua ameunyoosha, na mzee hakuushika.