Pumba za Kuku wa Jebet

Hakuna aliyemlisha mzazi kwa bidii kumshinda Jebet. Tangu Mzee Kimutai atoke hospitali, alikotibiwa kwa dawa nyingi za kuua bakteria, binti yake alimpikia ugali mweupe wa mahindi yaliyokobolewa. Pumba aliwapa kuku. Maharagwe na mboga za managu aliyaondoa mezani, akiamini kwamba yangelikwaruza tumbo la mgonjwa. Mursik, maziwa ya mgando, haikukosekana; aliigandisha mwenyewe kibuyuni.

Hata hivyo, Mzee alizidi kukonda. Tumbo lilifunga, likaendesha, likafunga tena. Daktari alionya kwamba hali hiyo ikiendelea atarudishwa wodini. Mzee alikuwa ameapa kwamba harudi.

"Kama ni kufa," alisema, "nipelekeni shambani Sugoi."

Jumamosi, Emmaculate, mke wa kaka yake Jebet na mtaalamu wa lishe, alifika nyumbani kwao mjini, mtaa wa Kapsoya, na mfuko wa unga wa wimbi. Alifunua sufuria ya ugali, akaifunika tena.

"Wifi, mgonjwa wako anakula weupe mtupu."

"Anakula chakula cha heshima. Ama kwenu baba mkwe hupewa chakula cha kuku?"

"Kwetu hupewa samaki na miba yake, na bado anaomba kichwa."

Jebet hakucheka. Emmaculate alivuta kigoda, akaanza kumenya vitunguu.

"Utumboni mna bakteria wazuri," alisema. "Dawa ziliua wabaya, zikapitia na wazuri. Kwa mursik unamletea wengine, na ni jambo jema. Lakini bakteria hao hula nyuzinyuzi za wimbi, za maharagwe, za vitunguu hivi. Wakila, hutengeneza asidi zinazolisha ukuta wa utumbo, na sehemu kubwa ya kinga ya mwili imekaa hapo. Umealika wageni kila siku, wifi, na chakula chao unawapa kuku."

Jebet alitazama nje, kuku wakidonoa pumba.

"Kwa hiyo ni mimi ninayemmaliza Baba."

Emmaculate aliweka kisu chini. "Ni wewe uliyemfikisha leo. Wala sisemi hii ni dawa. Huenda ikasaidia. Nimemuuliza daktari wake, naye amekubali, mradi tuanze kidogo kidogo."

Jebet alisonga ugali wa wimbi kwa mkono wake. Kama kungekuwa na lawama, aliitaka iwe yake. Alipoutua mbele ya Mzee, hakuthubutu kumtazama.

Mzee aliunusa. "Huu ni wa mama yangu," alisema. "Nilidhani mjini mmekatazwa kuupika."

Alikula matonge machache. Jioni, sebuleni, sauti ya upepo wa tumbo, isiyo na shaka, ilitoka kwenye kiti chake. Jebet aliinamisha uso. Mzee alirekebisha kofia.

"Msiniangalie mimi," alisema. "Niliwasikia huko jikoni. Wageni wameanza kula."

Jebet alicheka mpaka akatafuta leso. Hakuwa amecheka tangu siku ya hospitali.

Tumbo halikutulia mara moja. Kulikuwa na siku nzuri na siku mbaya, kisha nzuri zikazidi. Kliniki, daktari alimpima Mzee uzito, akaona umeongezeka, akaitikia kwa kichwa. Habari ya wodi haikutajwa.

Wiki hiyo Jebet alisagisha mahindi bila kukoboa. Kuku walikusanyika mlangoni kama kawaida yao, wakisubiri pumba. Aliwatazama kwa huruma, akawarushia majani ya sukuma wiki.

"Mtavumilia," aliwaambia. "Nyumba hii ina mgonjwa."