Ndoo ya Nyumba Namba Kumi na Moja

Silvère na Cyprian walitoana damu Jumatatu, saa mbili asubuhi, mbele ya geti la watu pale Kibagabaga, Rwanda, wakigombea ndoo ya maganda ya ndizi. Usicheke. Kwa mfuga nguruwe, ganda la ndizi ni uhai. Miaka tisa Silvère alizoa mabaki ya chakula katika nyumba zile bila mkataba wala sare. Alikuwa na toroli lake na maneno matamu kwa wapishi, na kila Krismasi aliwarudishia kipande cha nyama. Kisha ikaja kampuni yenye ndoo za kijani zilizoandikwa namba. Ikaelewana na wenye nyumba wenyewe, na mabaki yote yakawa yanapelekwa Busanza kugeuzwa mbolea. Nguruwe wa Silvère wakabaki kutafuna mbao za banda.

Ndoo aliishika Silvère upande huu na Cyprian, mpakiaji wa kampuni, Mtanzania wa Ngara, akaishika upande ule.

"Achia!" Silvère alisema. "Hii nyumba iko yangu toka zamani."

"Achia wewe, bwana. Hukuona namba?"

Silvère akampiga kichwa cha pua. Damu ikamwagika juu ya maganda. Cyprian hakupoteza muda kujipangusa. Alimrudishia ngumi iliyong'oa jino la mbele, kisha teke la mbavu, kisha akasimama juu yake akipiga kelele mtaa mzima usikie: "Nguruwe wako watakufa wote! Na kuwazika nitakuja mwenyewe!"

Vestine aliona yote akiwa kwenye kiti cha pikipiki ya magurudumu matatu, maana yeye ndiye alikuwa dereva wa kampuni. Hakushuka. Kazini hakuna aliyejua kwamba Silvère ni kaka yake, tumbo moja, ambaye walilelewa pamoja Buyenzi kule Bujumbura kabla wazazi hawajawarudisha Rwanda. Na hakuna aliyejua jambo la pili, ambalo lilikuwa baya zaidi. Kwa miezi miwili, kila asubuhi Cyprian alipotangulia kwa miguu kupanga ndoo za barabara ya juu, Vestine aliteremka haraka mpaka kwenye nyumba moja isiyokwisha kujengwa, akaacha ndoo moja iliyojaa nyuma ya ukuta. Silvère alikuja kuichukua. Kampuni ilikuwa imesema wazi: mfanyakazi atakayetoa mabaki nje, siku hiyo hiyo anarudi kwao. Vestine ana watoto wawili shuleni na mume hana. Lakini angefanyaje? Kaka yake alikuwa anakonda pamoja na nguruwe wake.

Waswahili husema wema hauozi. Tuseme hivyo.

Wiki ile majirani walikuwa wamelalamika kuhusu nzi, na kampuni ikagawa pakiti za chokaa kali, ile inayochemka ikiguswa na maji. Maagizo yalikuwa kijiko kimoja tu juu ya ndoo kila jioni, na ole wake atakayeishika kwa mkono mtupu. Vestine ndiye aliyezigawa mlango kwa mlango. Kwa hiyo Jumanne, alipochagua ndoo ya kumpelekea kaka yake, alifikiri vizuri. Alichagua ya nyumba namba kumi na moja, kwa Mama Alida, mwanamke ambaye hajawahi kufuata agizo la mtu tangu azaliwe. Juu aliona ugali, maharage na vichwa vya samaki, na chokaa hakuona. Alipoinyanyua, ubavu wa ndoo ulikuwa na joto. Mtu mwingine angeshtuka. Vestine alifurahi. Kule Busanza lundo la mbolea hupimwa kwa kutia mkono ndani, na lundo lenye joto ndilo linalosifiwa, maana limeanza kuiva. Akaona leo kaka amepata chakula laini. Akaiacha nyuma ya ukuta akaenda zake.

Jumatano asubuhi alikutana na Eustadia, mpishi mpya wa Mama Alida, akimngojea getini na uso umejaa sifa.

"Dada, ile dawa ya nzi mimi niliiweka yote," Eustadia alisema. "Kijiko niliona iko kidogo sana. Nikamwaga pakiti nzima chini, nikaweka chakula juu. Nzi hata moja hakuna!"

Vestine alitoa simu. Akampigia kaka yake pale pale. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, na tena, mara sita, mpaka Cyprian akamwuliza kama kuna msiba. Akasema hakuna. Wakapakia ndoo, wakaenda Busanza, na njia nzima alikuwa akiomba Mungu nguruwe wawe wamekataa kula. Tangu lini nguruwe akakataa kula!

Walikuwa wanamwaga ndoo kwenye lundo pikipiki ya abiria ilipoingia uani kwa kasi. Nyuma alikaa Silvère, helmeti kichwani, beleshi mapajani. Aliruka kabla pikipiki haijasimama.

"Umeua nguruwe wangu sita!" alilia, akimwelekea Cyprian. "Midomo yote imeungua, ulimi inatoka kama nyama ya kuchoma! Ile mama yao iko na mimba, imejipiga kichwa kwa ukuta mpaka fuvu ikapasuka! Mimi nimeikamata, imekufa kwa mikono yangu!"

"Umelogwa?" Cyprian alisema, akirudi nyuma. "Nguruwe wako nimewaona wapi mimi?"

"Ile ulifanya unaijua mwenyewe!"

Hapo Vestine akaelewa, na kuelewa kwenyewe kulimchoma. Kaka yake aliamini kwamba Cyprian ameigundua ndoo ya nyuma ya ukuta akaitia sumu. Lakini hata katika hasira ile hakuitaja ndoo, wala aliyeileta. Alikuwa amekuja kuua mtu, na bado alikuwa anaificha siri ya dada yake.

Beleshi la kwanza lilimpata Cyprian begani. Vestine alifungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari, mafupi tu. Kisha akamwona Geoffrey, msimamizi wa kiwanja, ametoka ofisini na simu sikioni, anatazama. Akaufunga mdomo. Simtetei. Aliwaza sare, aliwaza shule, akajiambia watu watawaamua sasa hivi. Hakuna aliyeamua. Vibarua wote walikuwa wamekimbilia nyuma ya mashine.

Cyprian naye hakuwa wa kupigwa bure. Alishika ndoo tupu akampiga nayo Silvère kichwani mara mbili, kwa nguvu ya kuua ng'ombe, lakini helmeti ilipokea yote. "Kaske yangu!" dereva wa pikipiki alipiga yowe kule getini, akiililia helmeti yake. "Mzee, lete kaske yangu kwanza!" Silvère aliyumba, akajishika, akazungusha beleshi chini. Likampata Cyprian gotini. Sauti ya goti kuvunjika ilisikika mpaka ofisini, na Cyprian akaanguka chali juu ya lundo, katikati ya maganda na ugali uliooza. Vestine bado alikuwa kimya. Mikono yake miwili ilikuwa imemziba mdomo yenyewe.

Silvère alilinyanyua beleshi wima, ncha chini, kama mtu anayechimba shimo. Cyprian akainua mkono wa kushoto kukinga uso. Lilishuka. Vidole viwili vilikatika, kimoja kikabaki kimening'inia kwa ngozi, na kingine kikaangukia maganda ya viazi, mahali ambapo Vestine alikiona vizuri kabisa. Cyprian hakulia. Alikuwa anautazama mkono wake kwa mshangao. Beleshi likapanda tena, na sasa shingo ilikuwa wazi.

"Ni mimi!" Vestine alipiga kelele. "Kaka, ni mimi! Ile ndoo ya jana nilikuletea mimi! Ilikuwa na chokaa chini, mimi sikujua! Yeye hajui kitu! Hajui kitu!"

Beleshi lilisimama hewani. Silvère aligeuka polepole. "Wewe?"

"Mimi, kaka."

Akaliacha beleshi lianguke, akamfuata, akampiga ngumi moja ya mdomo. Vestine alidondoka, meno yakagongana, damu ikamjaa kooni. Alingoja ya pili akiwa ameitaka, lakini haikuja. Silvère alikuwa amekaa chini kwenye mabaki, helmeti bado kichwani, analia kwa sauti akiwaita nguruwe wake mmoja mmoja kwa majina. Polisi walipofika, dereva wa pikipiki aliwaomba dakika moja, akamvua helmeti yake taratibu, ndipo wakamfunga pingu. Geoffrey akamwendea Vestine. Alinyoosha tu mkono apewe ufunguo wa pikipiki ya kazi.

Siku ya nne Vestine alikwenda hospitali na supu kwenye chupa ya chai. Cyprian alilala mguu umeinuliwa, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Alimtazama akimimina supu, hakuigusa.

"Yule ni kaka yako kweli? Wa damu?"

"Wa damu." Mdomo wa Vestine ulikuwa bado umevimba, maneno yalitoka kwa shida. "Nisamehe, Cyprian. Niliogopa kazi. Niliogopea watoto. Lakini mwisho nilisema. Kama si kusema angekuua."

"Ni kweli, angeniua." Cyprian aliisogeza supu kando. "Wewe hukujua nilikuwa natazama nini pale. Sikuwa namtazama yeye, nilikuwa nakutazama wewe. Mtu akipigwa hutafuta mwenzake yuko wapi. Beleshi liliponigonga begani, ulifungua mdomo. Nikasema moyoni, dada Vestine anajua kitu, sasa atasema, nitapona. Kisha nikakuona unaufunga."

Vestine alishindwa hata kuinamisha macho. Cyprian aliuinua mkono ule uliofungwa, akauweka mbele yake juu ya shuka.

"Wakati ule," alisema, "hapa palikuwa na vidole vitano."