Kopo la Mlima

Semahoro hakuwahi kujua kugawa. Huko Louisville alikoishi alikuwa msimamizi wa shifti kwenye ghala, na hata boksi la donati likipitia mikononi mwake, watu wa mwisho walikuta sukari ya chini tu. Lakini mwaka ule wa uchaguzi, 2016, Marekani nzima ilikuwa imelewa ahadi. Ukiwasha televisheni, ahadi; ukifungua simu, ahadi. Semahoro akatazama, akaona kumbe kazi yenyewe ni nyepesi hivi, naye akaanzisha chama.

Kilikuwa chama ndani ya chama. Warundi waliokulia makambini Tanzania, wa Louisville, Columbus na Buffalo, walikuwa na umoja wao wa kaya mia na ishirini na tano. Kila kaya ilitoa dola thelathini kwa mwezi, na kwa utani watu waliuita mchango huo kodi. Kazi yake ilikuwa moja: mtu akifa, mji wowote ule, apate jeneza, kaburi na matanga ya heshima.

Chama cha Unafuu cha Semahoro kikasema kodi ishuke iwe dola kumi. Na kila marehemu asafirishwe hadi Burundi. Na kila mji upate ukumbi wake. Na akina mama wafundishwe kuendesha gari bure. Wito wao ulikuwa "Toa kidogo, pata chote," na waliuchapisha kwenye fulana za kijani ambazo hakuna aliyeuliza nani kazilipia.

Kostansia, ambaye wengi walimwita Mama Aline, alizisoma ahadi hizo kwenye simu yake kituoni, mtaa wa Linden, Columbus, akisubiri basi la kwenda kiwandani. Alicheka mpaka mama aliyekaa karibu naye akasogea. Kisha kicheko kikamkauka, maana alimkumbuka Silvano.

Silvano alikuwa mdogo wake wa mwisho, wa Buffalo, na figo zake zilikuwa zimekufa zote mbili. Mara tatu kwa wiki alilazwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Hakuwa na mke, hakuwa na mtoto, na daktari alishaacha kuzungumza naye habari za miaka, alikuwa akizungumza habari za miezi. Kaburi lake lilikuwa ule mfuko wa umoja, na sasa Semahoro alitaka kuuchezea.

Kostansia alimfahamu Semahoro wa aina hiyo tangu utotoni. Kambini Mtabila mgao ulipimwa kwa kopo la mafuta lililokatwa mdomo. Mpimaji mwenye adabu alilijaza, akapitisha kijiti juu yake kulisawazisha, na hivyo gunia likamfikia wa mwisho. Kisha akaja kiongozi mmoja wa kundi aliyetaka kupendwa. Alipiga makofi akatangaza kwamba kwake hakuna kijiti, kila mtu atapata kopo la mlima, lililofurika juu ya mdomo. Watu walimshangilia! Siku hiyo mama yao akina Kostansia alikuwa nyuma kwenye foleni, Silvano mgongoni, na alirudi nyumbani na mfuko mtupu umekunjwa kwapani. Kostansia alipokua aliomba kazi ya kupima, akaifanya miaka sita, na alipopanda ndege kuja Marekani kopo lake lilikuwa ndani ya begi, limefungwa kwa kitenge.

Mkutano mkuu wa kuchagua mwenyekiti wa umoja ulifanyika Columbus Septemba, katika chumba cha chini cha kanisa, kwa kuwa Columbus ndiyo katikati. Wa Louisville waliwahi, mabasi mawili yamejaa, fulana za kijani tupu. Wa Buffalo walikuwa bado njiani.

Aliyesimama kwanza ni Kananu, binti wa Kimeru kutoka Kenya aliyesomea uhasibu, ambaye umoja ulimwomba akague hesabu. Hakuwa na maneno mengi.

"Jamani, mimi nimepiga hii hesabu mara tatu. Dola kumi, kaya mia na ishirini na tano, kwa mwaka ni elfu kumi na tano. Kusafirisha mwili mmoja ni karibu pesa hiyo hiyo. One body. Na mwaka jana mlizika watu wanne."

"Dada yetu Mkenya," Semahoro alisema akitabasamu, "tunakushukuru sana. Lakini hesabu hiyo ni ya watu waoga. Tukishusha kodi, watu watajiunga. Tutakuwa kaya mia tano, kaya elfu!"

"Na hao watakaojiunga," Kostansia aliuliza kutoka jikoni, "wao hawafi?"

Watu walicheka. Hata fulana za kijani zilicheka. Semahoro naye alicheka kuliko wote, akasema Mama Aline ana mdomo, kisha akaendelea kuahidi pale alipoishia. Kostansia alitambua kwamba watu wale wangecheka hivyo hivyo mpaka kwenye kupiga kura. Akili ya kuambiwa changanya na yako, lakini wengine hawakuja na ya kuchanganya. Basi akaamua kuwaonyesha.

Alikuwa amepika wali na maharage ya watu wote, kwa kipimo cha kijiti, kama alivyopika kila mwaka. Akatoa lile kopo, akatupa kijiti kwenye pipa la taka mbele ya macho yao, akatangaza, "Leo tunakula kwa sera mpya. Kopo la mlima!"

Louisville walipanga foleni wa kwanza, na Kostansia akawapakulia milima. Wali ulimwagika pembeni mwa sahani, maharage yakafuata. Columbus wakafuatia, milima yao ikawa vilima. Buffalo walipoingia, wamechoka kwa mwendo wa saa tano, Silvano akiwa nyuma kabisa ameshikilia ukuta, sufuria zilikuwa zikilia kopo likigusa chini.

Kostansia aliinamisha sufuria ili ukumbi mzima uone. "Mmeona? Hii ndiyo kodi ya dola kumi. Hawa ndio wa mwisho. Nani kati yenu anajua kwamba hatakuwa wa mwisho?"

Alisubiri wainuke, waone haya. Kambini sufuria tupu ilimaliza mjadala wowote. Lakini kambini watu wote walikuwa na njaa, na hilo alilisahau. Mzee mmoja wa Louisville alijifuta midomo, akasema kwamba tangu aje Marekani hajawahi kushiba kwenye mkutano kama siku hiyo. Mwingine akasema kama sera mpya ndiyo hii, iletwe haraka. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na Kostansia alikuwa amewashibisha kwa mkono wake mwenyewe, tena wale wenye kura nyingi kuliko wote. Alijiona mjinga, na alikuwa mjinga kweli.

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Louisville wote walinyoosha, Columbus nusu. Kisha nyuma, kwenye meza ya Buffalo iliyokuwa haina sahani, mkono mwembamba wenye bandeji ya sindano ukapanda taratibu kumchagua Semahoro.

Kostansia alimfuata mdogo wake nje, kwenye maegesho, akiwa na ukoko aliokwangua chini ya sufuria.

"Silvano, una wazimu? Yule hana hata pesa ya kukununulia msalaba!"

Silvano alitafuna ukoko polepole. "Najua, dada."

"Unajua, halafu unampa kura?"

"Wewe unaniahidi kaburi la Buffalo. Nimekushukuru. Lakini hukuwahi kuniuliza kama nalitaka." Alimeza kwa shida. "Yule mwongo ndiye mtu pekee aliyetamka kwamba mimi nitarudi nyumbani. Niliondoka mgongoni mwa mama, dada. Sijawahi hata kupaona."

Dharau yote ilimwisha Kostansia. Ilimuuma kwamba Semahoro alikuwa amepapasa mahali ambapo yeye, dada, hakuwahi kupagusa, na amepapasa kwa mkono mtupu.

Januari mama mkwe wa Semahoro alifariki huko Louisville. Alisafirishwa hadi Burundi kwa heshima zote, picha za jeneza uwanja wa ndege zikatumwa kwa kila simu, na chini yake pameandikwa "Ahadi imetimizwa." Kaya elfu hazikujiunga. Zilijiunga tisa.

Silvano alifariki Machi. Kostansia alimpigia simu Semahoro, ambaye sasa ndiye Mwenyekiti, naye akasema mfuko una dola mia sita, na kwamba uongozi unaandaa mpango, na kwamba Mama Aline awe na subira. Jeneza lilikopwa kwa jina la kanisa. Kaburi lilipatikana karibu na Kenmore, pembezoni mwa Buffalo, upande wa uzio, kwenye ardhi ngumu ambayo mashine iliikwaruza asubuhi nzima.

Siku ya maziko Kostansia alisimama kwenye mlango wa kanisa ameshika kopo lake. Watu wa Buffalo walitia walichonacho. Kananu, aliyesafiri usiku kucha kwa basi, alitia dola mia, akamkumbatia.

Semahoro alifika amevaa koti refu jeusi. Alitoa noti ya dola kumi, akaidondosha ndani ya kopo, kisha akainama akanong'ona.

"Mama Aline, pole sana. Naomba niandikiwe kwamba hii ndiyo kodi yangu ya Machi."

Kostansia aliichukua ile noti, akaikunja, akamrudishia mkononi.

"Panga foleni, Mwenyekiti," alisema kwa sauti ya kusikika hadi madhabahuni. "Leo wa kwanza ni Silvano."