Masanduku ya Zana za Baba

Boksi la plastiki ambalo Nerima aliwekea zana lilipasuka matako Jumatatu asubuhi, kwa mlio ambao watu wa mtaa wa Section 58 wanaapa ulifika hadi Salgaa, kituo cha malori, dereva mmoja wa trela akashuka kukagua magurudumu yake yote kumi na nane. Spana, patasi, nyundo na vyuma vya kuchongea nyuzi za bolti vikamwagika kwenye maji ya mvua, ambayo yalikuwa yameingia stoo bila hodi.

Nerima hakulia. Alitukana kwa Kibukusu, akatukana kwa Kiswahili, akamalizia kwa lugha ambayo haijapata jina.

Zana zile zilikuwa za marehemu baba yake, fundi wa reli miaka thelathini. Alimwachia yeye, binti, huku wana watatu wa kiume wakitazama. Kifungua mimba, Sitati, hajalimeza hilo mpaka leo. Tena wajomba walikuwa wamemuunga mkono aliposema, "Jumamosi nakuja kukagua. Nikikuta kutu hata kwa spana moja, nabeba zote. Vyombo vya mwanaume havilindwi na mwanamke."

Basi Nerima alizifuta moja moja, akazipaka mafuta, akaenda kwa mafundi wa bati, hasira ikiwa imemtangulia hatua tatu.

"Karibu mathe!" Kang'ethe, mwenye kibanda, alimpokea kwa meno yote. "Sanduku la mtoto wa shule ya bodingi?"

"La vyuma. La kukaa chini, penye unyevu."

Akamtolea moja la buluu, limechorwa maua. "Hili ni la maisha. Ndovu akalie, litamwambia karibu."

Nerima si ndovu, lakini miaka hamsini na miwili hajawahi kukosana na ugali. Akaketi. Sanduku nalo likaketi.

La pili alilijaza maji ya mtungi.

"Mathe, hilo ni sanduku, si karai!"

"Maji yakijua pa kutokea, yatajua pa kuingilia." Na yalijua. Yalitoka pembe zote nne kama watoto waliosikia kengele ya shule.

La tatu alilikwaruza kwa ufunguo. Chini ya rangi nyekundu pakatokea picha ya chupa ya mafuta ya kupikia.

"Umenipakia rangi kopo!"

"Ni recycling, mathe. Serikali inapenda."

Hapo ndipo Nerima alipoliona lile jeusi chini ya meza. Baya kama deni, pembe zimekunjwa mara mbili, misumari ya riveti imepangwa kama punje za mahindi, miguu minne ya chuma ikiliinua kutoka ardhini.

"Na lile?"

"Lile si la kuuza. Naweka vyombo vyangu."

Nerima akainama, akalivuta hadi mwangani, akapitisha kidole kwenye pembe zake.

"Kumbe unajua," alisema. "Mimi nilidhani ni ujinga, nikataka kukuhurumia. Kumbe unajua kutengeneza sanduku, ukatengeneza moja, ukakalia, sisi ukatuuzia maua!"

"Wateja wanataka rangi, mathe."

"Mimi sitaki rangi. Nataka mawili kama hilo. Na nitakaa hapa nikutazame."

Alikaa siku mbili. Wanasema hakupepesa hata jicho, na nzi aliyetua puani mwake aliona aibu akahama. Kang'ethe aligonga, akakunja, akagonga. Riveti iliyopinda aliamriwa aing'oe. Masanduku yalipokwisha, Nerima aliyajaza maji. Hakuna tone lililotoka. Nyumbani akazigawia zana vyumba ndani yake, kila moja mahali pake.

Jumamosi Sitati alifika na viatu vinavyong'aa. Hakusalimu. Alifungua sanduku la kwanza, akamwaga kila kitu kwenye sakafu, kisha la pili. Alifuta spana moja baada ya nyingine kwa leso nyeupe, akaitazama leso. Mafuta tu.

"Haya, ziko sawa," alisema hatimaye. "Lakini mkubwa ni mimi. Nitabeba tu."

Damu ikampanda Nerima hadi kwenye nywele.

"Beba! Ila kwanza zirudishe jinsi ulivyozikuta. Kila kitu na chumba chake."

Sitati akaokota kipande kimoja, akakigeuza, akakipeleka kwenye sanduku hili, akakirudisha, akakipeleka kwenye lile.

"Hii bisibisi inakaa wapi?"

"Bisibisi? Hiyo ni tapu! Inachonga nyuzi ndani ya nati! Mwenzake yuko wapi?"

Sitati akatazama sakafu. Vyuma mia na ushee vikamtazama.

"Weka wewe," alisema, sauti imepungua.

"Kwa nini mimi? Si ni zako? Si wewe mwanaume? Weka, Sitati! Wajomba wanangoja habari, nitawaambia nini, kwamba ulishindwa na bisibisi?"

Akaiweka ile tapu chini polepole, kama mtu anayeweka yai. Akatafuta pa kujifutia mafuta, leso ikakataa, suruali ikakubali. Kisha akatoka mikono mitupu, bila kuaga.

Nerima alipiga magoti katikati ya vile vyuma, akavuta ile tapu karibu, akapaza sauti ifike barabarani:

"Na ufunge geti! Kuku wasitoke!"