Saa ya Baba Ilitaka Mkono

Siku ya kunyoa wafiwa na kugawa urithi, baada ya mazishi ya Chrispinus Khaemba huko Khwisero mwaka wa tisini na nne, vitu vyake vilitandazwa uani: makoti, redio, fimbo na saa ya mkononi. Koti likaenda kwa huyu, redio kwa yule. Ilipofika zamu ya saa watu wakasogea nyuma, maana mishale ilikuwa imesimama.

"Hii ilikufa na mwenyewe," akasema Elkanah, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye aliyekuwa akigawa. Aliishika kwa ncha ya mkanda kama aliyeokota panya. "Hakuna mtu atavaa. Tutaifukia pale kaburini leo leo."

Wazee wakaitikia. Watu wazima na ndevu zao, wanaogopa saa! Ayuma, mtoto wa pekee wa marehemu, alichemka kwa hasira. Saa ile haikuwa na betri. Ilikula mwendo wa mkono, na mkono wa baba yake ulilala kitandani wiki nyingi kabla hajafa. Akiendelea kukaa kimya pale kwa wanawake, saa itaingia udongoni. Akainuka.

"Baba mdogo, nipe."

"Wewe keti. Msichana hapewangi vitu vya baba yake."

"Kama ni ya kufukiwa, si ya mtu. Nipe."

Hakungoja jibu, akaichukua. Akazungusha kifungo cha ubavuni polepole, akienda mbele tu, kama baba alivyomfunza zamani, kila mara saa ilipolala kabatini ikasimama. Mara ule mshale mwembamba ukashtuka, ukaanza kutembea. Akachungulia saa ya mwinjilisti aliyeketi kando, akavuta kifungo nje, akapanga mishale, kisha akakisukuma ndani.

Elkanah akainama, akatega sikio. Uso ukamfunguka.

"Kumbe iko mzima! Basi ni ya mwanangu Masinde. Yeye ndiye kijana wa hii boma."

Ayuma akacheka bila furaha. Sasa hivi ilikuwa maiti, mara imepata mrithi! Akaifunga mkononi mwake.

"Vua," akasema Elkanah.

"Sivui. Nyinyi mlikuwa mnaizika. Anayeitaka aje anivue, hawa watu wote wakiona."

Masinde akatazama viatu vyake. Lakini mkanda ulikuwa wa mkono wa mwanamume, na Ayuma alipoinua mkono, saa ikateleza hadi karibu na kiwiko.

"Ona, hata haikutoshi!" Elkanah akasema, na watu wakacheka. Ayuma akaikamata kwa mkono wa pili, machozi yakimlenga. Aliona aibu, lakini hakuachilia.

Ndipo mama yake, Zipporah, akainuka mkekani na kichwa chake kilichonyolewa asubuhi ile, akaingia jikoni. Akarudi na msumari mwekundu kwa moto, ameushika kwa koleo. Watu wakampisha njia.

"Vua, nisikuchome," akamwambia binti yake.

Kwa mama, Ayuma akavua. Zipporah akalaza mkanda juu ya kiti, akatoboa tundu jipya ndani kabisa, ngozi ikatoa moshi. Akapuliza. Akamfunga mwanawe saa, akaitikisa kuona kama imeshika.

"Imemtosha," akasema. "Shemeji, endelea kugawa."