Zulia la Kilima cha Mabela

Kilima kilipofika Mabela, nje ya Maskati, Bi Masouda alikuwa ameketi juu ya mbuzi uani, akikuna nazi kavu iliyotoka India. Alisikia changarawe zikisagika nyuma ya ukuta, akanyanyuka, akachungulia, akarudi kukaa.

"Nasriya," alimwambia binti yake, "kilima kishakuja. Kateke maji, wageni watakuwa wengi."

Kilikuwa kilima cha mawe ya mchanga, kimesimama peke yake kama mtu aliyesusiwa, ubavu wima, juu bapa, na miguuni kimezungukwa na vifusi vyake mwenyewe. Milima ya Maskati ni myeusi na imevurugika. Hiki kilitoka jangwani kwa ndani, chekundu, tabaka juu ya tabaka. Nasriya alisomeshwa jiografia Unguja kabla ya mapinduzi. Alijua kwamba mchanga ukilaliwa na uzito kwa zama nyingi huwa jiwe, na kwamba upepo hula palipo laini pagumu pakabaki. Yaliyobaki aliambiwa na jirani yao Mahbuba. Kilima hiki huhamia nyuma ya nyumba ambayo nasaba yake inatazamwa, na matabaka yake hugeuka yakawa wazee wa nyumba hiyo.

Na yao ilikuwa inatazamwa kweli. Mwaka ule wa 1966, aliyekimbia Unguja hakuwa mtu mpaka mzee wa kabila amtambue, na asiyetambuliwa hurudishwa melini na watu wake wote. Harub, kaka yake Nasriya, alishamwalika Sheikh Thani aje Ijumaa baada ya sala.

Harub akakizunguka kilima, mikono nyuma. Matabaka ya kina baba yalikuwa mekundu na membamba, mengine yanamomonyoka ukiyagusa. Katikati ulipita mkanda mweupe, mnene, wa mchanga wa pwani ya Makunduchi wenye makombe ndani yake. Juu ya mkanda huo ndipo lilipolala jiwe gumu la kileleni, na yeyote mwenye macho aliona kwamba ukiuondoa, kilima chote kinakaa chini. Huyo alikuwa Bi Masouda, mzaliwa wa Makunduchi asiye na kabila Uarabuni, mama yao mzazi.

"Mkubwa mno," alisema Harub, kama anayezungumzia jipu.

Akaleta mafundi wakaupaka udongo mwekundu. Udongo ulikauka, ukabanduka, mkanda ukatokeza mweupe zaidi. Mahbuba akasema kwamba kilima kilipokuwa kwa Sheikh Thani, wenyewe walitundika zulia. Harub akatuma mtu, na zulia likaja na salamu za Sheikh, vitanzi vya kutundikia vikiwa tayari. Nasriya alipolikunjua lilinuka jasho la nyumba nyingi. Lilishazunguka mji mzima. Akakimbilia nyuma ya jiko kutema mate.

"Mama," Harub alikuwa akisema Nasriya aliporudi, "Ijumaa wewe yaya wetu. Mama yetu alifia Unguja. Siku moja tu."

"Huna hata haya, Harub?" alisema Nasriya. "Umenyonya maziwa ya nani?"

"Basi mwambie wewe Sheikh. Mwambie, turudishwe sote, na yeye mama akiwemo."

Nasriya akaanza kulikunja zulia, akajichukia.

"Mwache," alisema Bi Masouda. "Mie nnataka mpate pa kukaa. Nipe hilo zulia, mwanangu, pindo limefumuka."

Akalishona mwenyewe.

Ijumaa Sheikh Thani akaja, akasimama mbele ya kilima. Upepo ulilinyanyua zulia, mkanda mweupe ukaonekana wote, makombe yakimetameta juani. Sheikh akatazama viatu vyake mpaka upepo ulipotulia.

"Mashaallah," alisema, uso mkavu. "Zulia zuri."

Wakaingia barazani. Bi Masouda akapita na birika akiwamiminia kahawa, na Nasriya akasimama nyuma ya pazia.

"Na mama yenu?" aliuliza Sheikh.

"Alifia Unguja," alijibu Harub. Hakumeza hata mate.

Sheikh akasema kwamba hakika nasaba hii anaitambua, na kwamba kabla ya yote wamwombee marehemu. Akainua mikono. Aliomba asamehewe makosa yake, kaburi lake lipanuliwe, watoto wake wawe sadaka yake inayoendelea. Bi Masouda aliweka birika chini, akainua mikono naye, akaitikia amin kwa kila dua, kwa sauti iliyopita ya wanaume. Nasriya alifungua mdomo apige ukelele, na kilichotoka kilikuwa amin.

Dua ilipokwisha, Sheikh alikunywa kilichobaki, akatikisa kikombe kuonyesha kwamba ametosheka, akampa marehemu bila kumtazama.