Watatu Wamekubaliana

…na huyu naye analia, Rusi aliwaza, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kujibu, maana sauti kwenye rekodi ilikuwa ya mwanamke wa milimani, ikivuta mwisho wa neno kama aitaye ng'ambo ya bonde, nimewapigia kuuliza tu, alisema, kisha kicheko kidogo, na Medius, binti yake Rusi mwenyewe, alicheka hivyo hivyo alipopiga simu akiwa Bwesumbu na homa yake, aliyepokea simu ya wagonjwa akasikia kicheko tu, akamweka mwisho wa foleni, Mungu amlaze pema, ndiyo maana watu wa Kasese walipoleta kazi hii Bwera, ya kuifundisha mashine kumjua mpigaji aliye hatarini, Rusi alikuja wa kwanza… "Mama, ule mutu iko analia ao iko anacheka?" Martine mwenzake wa kazi aliuliza kutoka ng'ambo ya meza, na kabla hajajibiwa Nzanzu, wa tatu wao, akasema, "Martine naye kwa maswali, mama akisema analia, tunaweka analia, chai inapoa," wakacheka chini chini, kicheko cha nyumba yenye msiba, kwa kuwa tangu matanga hakuna aliyembishia, hata maharage yake yakizidi chumvi husema matamu, mfiwa habishiwi… lakini mashine haijui msiba, imeambiwa watatu wakikubaliana hapo pana ukweli, huwasha taa ya kijani, watatu wamekubaliana, jana kijani, leo kijani, anayekohoa yuko hatarini, anayeuliza zahanati inafunguliwa lini yuko hatarini, kumbe watu watatu, sikio moja, na sikio lenyewe limebaki kaburini, na siku mashine itakapopokea simu peke yake, ikisikia kilio kila mahali, itamtanguliza nani, wote wakiwa wa kwanza hakuna wa kwanza, na Medius wa mtu mwingine atangoja, ee Yesu, atangoja kwa sababu yangu… "Mama?" labda huyu kweli anauliza tu, labda kicheko ni kicheko, sijui, na kutojua kwangu nako wamekukubali… akaondoa kidole. "Leo muanze ninyi," alisema polepole, "kila mtu na lake, mimi wa mwisho." Nzanzu akamtazama Martine, Martine akamtazama mama, hakuna aliyegusa kitu. "Musiniangalie mimi. Musikilize." Na mwanamke wa milimani akarudia, nimewapigia kuuliza tu, na kicheko chake kile kile, na Rusi akavuta kitenge hadi usoni, wasije wakasoma jibu humo.